Wezi wamekuja mara mbili, nina laki sita: nianze na nini?

Habari za kazi, mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chanika, Dar es Salaam. Nyumba ni yetu, tumehamia kabla haijaisha kama wengi wanavyofanya. Mume wangu ni dereva wa malori, anabeba mzigo bandarini kupeleka Lubumbashi, na akishavuka Tunduma ndiyo basi tena, wiki tatu hata nne. Nyumbani nabaki mimi, mtoto wa miaka 9, mdogo wake wa miaka 4 na dada wa kazi.

Mwezi uliopita walikata wavu wa dirisha la sebuleni kwa wembe, wakapitisha mti mrefu wenye ndoano na kuvua simu mbili zilizokuwa kwenye chaji pamoja na mkoba wangu. Hakuna aliyesikia. Wiki mbili baadaye wakarudi, safari hii mlango wa jikoni. Asubuhi tulikuta fremu imebonyea pembeni ya kitasa na mlango umeachia upana wa kidole. Nadhani mbwa wa jirani ndiye aliyewakurupusha. Mlango wenyewe ni wa plaiwudi na unafungukia nje. Madirisha yana grili, ila ni nondo nyembamba za mm 8, zimefungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao. Fensi hatujajenga.

Kila mtu ana lake. Mume wangu anasema tuanze kujenga ukuta, hata tukifika nusu. Mama mkwe anasema siku ile ya kwanza walitupulizia dawa ndiyo maana hatukuamka, kwa hiyo tutafute mtaalamu aizindike nyumba. Fundi umeme wa mtaani kaniambia kwa elfu ishirini ananiungia waya kwenye grili, niwe nawasha saa nne usiku na kuzima alfajiri, "akishika tu kwisha habari yake". Mkononi nina laki sita. Nianze na nini? Na wakiingia tukiwa ndani nifanyeje? Usingizi wenyewe siku hizi sina.

Mama Wawili, Chanika

JIBU

Mama Wawili, pole sana kwa yaliyowakuta, na hongera kwa kuuliza kabla ya kutoa hela.

Tuanze na fundi umeme, kwa sababu ofa yake ndiyo ya bei nafuu na ndiyo itakayoua mtu. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na kiasi kidogo tu cha mkondo, miliampea 30 au zaidi kidogo ukipita kifuani, kinatosha kusimamisha moyo. Grili ikiwa na moto, mvua ikanyesha, ukuta mbichi na fremu iliyolowa navyo vinapitisha umeme. Atakayeshika kwanza ni mwanao wa miaka 4 akitaka kuchungulia nje, au dada anayefungua dirisha alfajiri kabla hujazima, au jirani anayekuja kukugongea usiku ana mgonjwa. Hata akifa mwizi, polisi watakuja kwako: sheria inakuruhusu kujilinda kwa nguvu ya kadiri, haikuruhusu kutega mtego wa kuua mtu usiyemwona. Fensi za umeme unazoziona kwenye majumba makubwa ni kitu kingine kabisa. Zina mashine maalumu inayotoa mapigo mafupi mno, moja kila sekunde hivi, yanayouma bila kumshikilia mtu, na waya zake zinakaa juu ya ukuta mbali na mikono ya watoto. Huyo fundi mwambie asante, na usimruhusu aguse nyaya zako kwa kazi nyingine yoyote.

Kuhusu dawa ya kupuliza, mama mkwe msikilize kwa heshima, lakini hela usitoe. Royal College of Anaesthetists, chuo cha madaktari wa dawa za usingizi cha Uingereza, kiliwahi kuulizwa kuhusu madai kama hayo na kikatoa tamko kwamba mtu hawezi kulazwa kwa dawa ya kupulizwa dirishani bila yeye kushtuka: inahitajika dawa nyingi mno, ina harufu kali, na kipimo kikizidi anayevuta anakufa. Mwaka 2002 vikosi vya Urusi vilipuliza gesi ya kulaza ndani ya ukumbi wa maonyesho mjini Moscow uliotekwa na magaidi, na mateka zaidi ya 100 wakapoteza maisha, wengi wao kwa gesi hiyo. Kama wataalamu wa serikali walishindwa kupima dozi, kijana wa mtaani mwenye wembe ataiweza wapi? Hamkuamka kwa sababu saa nane usiku usingizi ni mzito, feni inaunguruma, na wembe kwenye wavu wa mbu hautoi sauti. Basi.

Ukuta ni jambo jema, ila si kwa laki sita. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80. Ukienda juu mita 2 ni mita za mraba 160, na mita moja ya mraba inakula bloku kama 10. Hizo ni bloku 1,600 kabla hujagusa msingi, nguzo, saruji wala geti. Hela yako haifiki hata nusu ya hizo bloku. Na ukuta wa nusu ni mbaya kuliko kutokuwa nao: hauzuii mtu kuruka, lakini unamficha akishaingia uani, anafanya kazi yake taratibu na jirani haoni kitu. Mwambie baba watoto ukuta uje baadaye, na ukija usiwe mzito wote, sehemu ya mbele iwe na matundu ya kuonekana.

Sasa tazama walivyofanya. Mara ya kwanza walivua, hawakuvunja. Mara ya pili hawakupoteza muda kwenye madirisha, walikwenda moja kwa moja kwenye mlango dhaifu kuliko yote nyumbani kwako. Yaani wameshaichunguza nyumba na wanajua mlango upi ni wa plaiwudi. Mtu wa namna hiyo anarudi kumalizia. Cha kumzuia ni kumnyima vitu viwili, muda na giza. Nyumba isiyovunjika haipo. Mwizi anataka kazi ya dakika mbili tatu isiyo na kelele. Mahali panapomdai dakika kumi za kugongagonga chini ya taa ataparuka.

Leo hii kabla ya kulala, bila kutumia hata senti: simu, mikoba, suruali na funguo visikae popote ambapo mti wa mita 3 unafika kutoka dirishani. Chaji simu chumbani kwako, upande wa mbali na dirisha. Mlango wa jikoni kwa usiku huu uzuie kwa kamba ya katani: ipitishe kwenye mshikio wa ndani, kisha ifunge kwenye ubao mrefu uliolala kwa ndani kukatiza ukuta wa kushoto na wa kulia. Anayevuta mlango kutoka nje atakuwa anaukaza ubao ukutani. Kuegemeza kabati hakusaidii, kwa sababu mlango wako unafungukia nje.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na mafundi pia. Utaona mtu kaweka vishikio ukutani na kulaza boriti nyuma ya mlango kama ngome. Kwa mlango unaofungukia ndani hiyo ni kazi nzuri. Kwa unaofungukia nje ni pambo tu, maana mwizi anauvuta mlango na boriti inabaki imelala pale pale. Kwako boriti lazima ishikane na mlango wenyewe: ubao wa inchi 2 kwa 4, mrefu kuliko uwazi wa mlango kwa sm 15 kila upande, ukae kwenye bolti mbili zilizopita mlango mzima, zenye kichwa cha mviringo nje na nati ndani. Tumia nati za mabawa ili ziwekwe na kutolewa kwa mkono.

Kisha bawaba. Mlango wa kufungukia nje unaacha pini za bawaba nje. Mwizi anazigonga kwa msumari na jiwe, zinapanda, anauchomoa mlango upande wa pili huku kitasa chako kikiwa kimefungwa vizuri kabisa. Fundi wa kuchomelea azichome pini juu na chini. Na hata bila fundi: kwenye kila bawaba toa skrubu moja upande wa fremu, mahali pake pigilia msumari mnene wa inchi 3 uliokatwa kichwa, uache umechomoza sm 1. Upande wa mlango, kwenye tundu linalotazamana nalo, toa skrubu na toboa. Mlango ukifungwa msumari unaingia tunduni, na hata pini zikitolewa mlango haung'oki. Fanya hivyo bawaba ya juu na ya chini.

Kitasa nacho usikitupe, tatizo halikuwa kitasa. Fremu imebonyea kwa sababu lile bati dogo ambalo ulimi wa kitasa unaingia limeshikwa na skrubu mbili fupi za chini ya inchi moja, na nyuma yake kuna nafasi tupu kati ya fremu na ukuta. Mtaimbo ukiingia hapo, mbao inapasuka kama muwa. Fundi afanye mambo matatu. Ajaze mchanganyiko wa saruji na mchanga, 1 kwa 3, kwenye nafasi yote kati ya fremu na ukuta, kutoka juu hadi chini. Aikaze fremu ukutani kwa skrubu za inchi 4 na plagi zake, tatu kila upande, mojawapo karibu kabisa na kitasa. Halafu abadilishe lile bati, aweke refu la sm 20 hivi lenye skrubu za inchi 3. Mwisho aweke makomeo mawili ya nondo ya mm 12, moja juu likiingia kwenye linta, moja chini likiingia sakafuni sm 3 au zaidi. Makomeo ya bati jembamba yale ya kabatini usikubali hata ukipewa bure. Uzuri wa komeo ni kwamba kwa ndani linafunguka bila ufunguo, na hilo nitalirudia tukifika kwenye moto.

Plaiwudi yenyewe? Ni ganda, katikati kuna upepo na vipande vya mbao. Kwa sasa ipigilie bati la geji 18 kwa ndani, mlango mzima. Mlango wa mninga au wa chuma utakuja na hela nyingine.

Madirisha ndiyo yatakayokula zaidi ya nusu ya laki sita zako. Usiyashughulikie yote kwa mkupuo, anza na yale yasiyoonekana na jirani wala njia: ya nyuma, ya jikoni, ya chooni. Nondo ya mm 8 inapinda kwa jeki ya gari. Jeki ikiwekwa katikati ya nondo mbili, zinaachana hadi mtu anapita, na kelele hakuna. Dawa ya jeki ni vyuma vya kulala. Kwa dirisha la sm 120 kwa 120, nondo za mraba za mm 12 kumi zilizosimama zinaacha nafasi ya chini kidogo ya sm 10, na zinatoka kwenye nondo mbili za mita 6, kila moja ikitoa vipande vitano. Flati ba (vyuma bapa) za kulala ziwe tatu, kila baada ya sm 30, na fremu ya kuzunguka. Jumla mita 8 na ushee, kwa hiyo nunua mbili za mita 6 na mabaki yatengeneze miguu. Mwambie fundi atoboe flati ba na kupitisha nondo ndani ya matundu. Wengi wanaziweka juu ya nondo na kuchoma nukta moja moja, na nukta hiyo inaachia kwa bisibisi kubwa. Kila kiungo kichomwe pande zote, kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, maana kutu huanzia pale rangi ilipoungua.

Miguu ndiyo grili yenyewe. Grili yako ya sasa imefungwa kwenye mbao kwa skrubu, kwa hiyo nguvu yake ni nguvu ya mbao, na mchwa wa Chanika unawajua. Grili ikae ndani ya shimo la dirisha, isibandikwe juu ya ukuta kwa nje. Iwe na miguu nane ya sm 15, miwili kila upande, yenye ncha iliyopasuliwa na kupindwa kama mkia wa samaki, iingie ukutani sm 10 na kujazwa saruji 1 kwa 3. Imwagilie maji wiki nzima bila kuigusa. Bloku za mtaani mara nyingi zina mchanga mwingi kuliko saruji, kwa hiyo fundi akiona bloku inamomonyoka kama sukari, achimbe shimo pana zaidi ashindilie zege. Fundi anayekuambia bolti zinatosha, sawa, ila vichwa vya bolti avichome visifunguke kwa spana.

Kama hela haitoshi grili mpya kila mahali, zile za zamani usiziuze chuma chakavu. Ongezea flati ba tatu za kulala na miguu ya ukutani, zitakuwa zimefika robo tatu ya njia. Mlipe fundi nusu, nusu nyingine baada ya kugonga kila kiungo kwa nyundo na kuitingisha grili kwa mikono yote miwili. Ikicheza hata kidogo, hajamaliza.

Dirisha la sebuleni walikovulia, juu ya grili weka wavu wa chuma mgumu wa matundu madogo ambayo hata kidole gumba hakipiti. Wavu wa mbu ni wa mbu tu.

Sasa kubwa kuliko yote katika barua hii. Grili inayozuia mwizi kuingia ndiyo inayozuia watoto kutoka nyumba ikiwaka, na hitilafu ya umeme au mshumaa haupigi hodi. Chumba mnacholala lazima kiwe na grili moja yenye kijimlango cha kufunguka, kama sm 60 kwa 75, mtu mzima apite. Kifungwe kwa kufuli kwa ndani, na ufunguo uning'inie kwenye msumari wake ukuta wa pembeni, mahali mkono wala mti wa kutoka dirishani haufiki, na chini kiasi cha kufikiwa na mtoto wa miaka 9. Ufunguo huo usiunganishwe na funguo nyingine na usihamishwe hata siku moja. Mfundishe mkubwa na dada kuufungua gizani, taa zikiwa zimezimwa. Wakishindwa mara moja, rudieni. Namba ya zimamoto ni 114.

Taa ni rahisi zaidi. Nunua mbili za sola zenye sensa, moja uelekeo wa mlango wa jikoni, nyingine nyuma ya nyumba. Watu huzilaani kwamba haziwaki, na kosa ni la walivyozifunga. Sensa yake inaona mwili wenye joto unaokatiza mbele yake. Anayeijia moja kwa moja inachelewa kumwona. Kwa hiyo ifunge pembeni ya njia anayopita mtu, kimo cha mita 2 na nusu hadi 3, isielekee migomba wala nguo zilizoanikwa. Paneli ipate jua la kutosha mchana na ifutwe vumbi kila wiki kiangazi. Taa inayowaka ghafla inamshtua mwizi kuliko inayowaka usiku kucha ambayo ameshaizoea.

Mbwa akikubalika kwenu, mbwa koko mmoja anatosha, kazi yake ni kubweka. Mchanjeni kichaa cha mbwa kila mwaka na mzoesheni kula kwenye bakuli lake tu, kwa sababu nyama yenye sumu hurushwa usiku wa kuamkia tukio. Kama dini au watoto hawaruhusu, fuga kanga wanne watano au bata bukini. Kelele zao mtaa mzima utazisikia, na wewe utazichoka kabla ya mwizi.

Na maneno. Wezi hawa walijua mume hayupo, au walibahatisha vizuri sana. "Safari njema baba watoto" kwenye status ya WhatsApp inasomwa na kila aliyewahi kukuuzia mkaa. Dada asimwambie bodaboda wala muuza genge baba anarudi lini. Fundi atakayekutengenezea mlango naye asijue ratiba; akiuliza, baba anarudi kesho.

Nenda kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wiki hii, ukaandikishe matukio yote mawili, kisha kituo cha polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Usiliache la pili eti kwa sababu hakikuibiwa kitu. Kujaribu kuvunja nyumba nako ni kosa, na kuvunja nyumba usiku, kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 20. Uliza namba ya polisi kata wako uihifadhi. Kama mtaa una ulinzi shirikishi, toa mchango na ujue majina ya vijana wanaopita usiku na saa wanazopita. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini walioanzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya mwanzo ya 1980 hawakuwa na kamera. Walikuwa na utaratibu wa kuitikia yowe la jirani. Kubaliana na nyumba tatu zinazokuzunguka ishara moja: filimbi mara tatu, rudia. Filimbi inasikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyeogopa, na haikauki. Napendelea filimbi kwa sababu nyingine pia. Neno "mwizi" likipigwa usiku, mara nyingi linaishia kwenye tairi na petroli, na waliochoma mtu ni wauaji mbele ya sheria, hata kama aliyechomwa alikuwa mwizi kweli, na siku nyingine hakuwa.

Umeuliza wakiingia ufanyeje. Chagua chumba kimoja, chako, chenye mlango wa mbao ngumu na komeo la ndani, kile kile chenye grili ya kufunguka. Mume akisafiri, watoto na dada walale humo humo au chumba cha jirani kabisa. Humo ndani kuwe na simu yenye chaji na salio, tochi, filimbi, na namba zimeandikwa kwenye karatasi ukutani: 112 ya polisi, mjumbe, jirani wa kwanza. Ukisikia kitu, watu wote ndani, komeo, piga simu kwanza ndipo filimbi. Wape nafasi ya kukimbia, washa taa, sema kwa sauti kwamba polisi wameshapigiwa. Usifungue kwenda kuangalia. Bomba la nje likifunguliwa maji yakamwagika, au umeme ukazimika ghafla, chungulia kwanza kama kwa jirani kunawaka. Kama mein swichi yako iko barazani, mwizi anaizima ili utoke mwenyewe. Ihamishie ndani, na kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni.

Wakishafika mbele yako na mapanga, hakuna tena kupigana. Wape simu na hela, usiwakazie macho, ongea kidogo, watoto wawe nyuma yako. Panga chini ya kitanda halikusaidii: usiku, gizani, ukiwa na watoto miguuni, litaishia mkononi mwa mwenye nguvu zaidi.

Simu zilizoibiwa, kama hujafanya, fanya leo. Omba simu ya mtu wa mtandao huo huo upige 100, laini zifungwe na akaunti za pesa zisimamishwe, halafu urudishe namba zako kwa kitambulisho cha NIDA. Namba ya IMEI, inayoitambulisha simu yenyewe, iko kwenye boksi la simu au risiti. Ipeleke polisi pamoja na RB na omba mtandao uifungie simu isitumike nchini. Na zile mtakazonunua sasa, bonyeza *#06#, nakili tarakimu 15 kwenye daftari lisilokaa ndani ya mkoba.